Kikundi Kikilegea Mwishoni

Vikundi vingi tunaviona vikianza mwaka kwa nguvu. Ikifika Novemba michango inalegea, na wengine wanasema, "Tugawane pesa, tuvunje."

Tuangalie Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ambako wanafunzi hucheza hoki juu ya barafu. Machi 2013, msimu ukielekea kwisha, walifungwa 5-0 na Union, kesho yake 3-0 na Quinnipiac. Hata hivyo waliponea chupuchupu, wakaingia mashindano ya taifa ya timu 16, kwa sababu huhesabiwa mechi za msimu mzima. Aprili 13 waliikuta Quinnipiac tena, wakaichapa 4-0 na kutwaa kombe.

Basi, kabla ya kuvunja kikundi, fungueni daftari. Hesabuni kazi ya mwaka mzima, si ya mwezi mmoja mbaya.