Rangi ya Bilauri ni Ipi?

Weka bilauri ya maji mezani, tia kijiko ndani, kisha mpe mtoto brashi. Hachelewi kukwama: hii nayo ni ya kupaka rangi gani?

Hapo ndipo penye utamu wa zoezi la kuchora vyombo vya kioo, ambalo walimu wa sanaa hulipenda. Kioo hakina rangi ya kukopa kutoka kwenye kopo. Kinachoonekana ni maua ya kitambaa kilicho nyuma yake, yamepindapinda; ni dirisha la darasa, dogo kama ukucha, liking'aa ubavuni; ni ukanda mweusi kuzunguka kitako. Mtoto anayeyapaka maji buluu anachora anachokijua, si anachokiona.

Mfaransa Georges-Henri Luquet aliieleza tofauti hiyo katika kitabu cha mwaka 1927 kuhusu michoro ya watoto. Mwaka 1972 Norman Freeman na mwenzake walichapisha jaribio dogo lenye kufurahisha: watoto wa miaka 5 hadi 9 waliwekewa kikombe, mkono wake umegeuziwa nyuma usionekane. Wadogo waliuchora vilevile. Kikombe bila mkono kitakuwaje kikombe?

Watoto hao hao huchora nyumba yenye kuta na watu wa ndani wakaonekana wamekaa mezani. Kwa nyumba tunawasahihisha (bure, pengine). Kwa bilauri wako sahihi: cha ndani kinaonekana kweli. Ila hakionekani kama kilivyo. Kijiko kimekatika pale maji yanapoanzia, kwa kuwa mwanga hewani huenda kasi takriban mara 1.33 ya ule wa majini, na unapovuka mpaka huo kwa mshazari hupinda. Ukichora mshale kwenye karatasi na kuusogeza nyuma ya bilauri ya mviringo iliyojaa maji, kwa umbali kidogo, utageuka uelekee upande wa pili. Darasa zima litataka kurudia.

Kwenye rangi za maji, mng'aro haupakwi. Huachwa, karatasi yenyewe ikawa mwanga. Wadogo wasioweza kujizuia husaidiwa na kipande cha mshumaa: palipopita nta, rangi haishiki. Bora zaidi ni karatasi nyeusi na chaki nyeupe, maana mtoto hulazimika kuutafuta mwanga kabla ya mstari.

Diego Velázquez wa Hispania alikuwa kijana wa miaka 20 hivi alipomchora muuza maji wa Sevilla, na ndani ya bilauri akaweka tini. Picha hiyo iko Apsley House, London. Ni ya kuwaonyesha watoto baada ya wao kuhangaika, si kabla.

Huko Tacoma, Marekani, Makumbusho ya Kioo yameugeuza mchezo. Watoto wasiozidi miaka 12 hupeleka michoro ya viumbe waliowabuni, na mafundi huwapuliza kwa kioo cha moto wale waliochaguliwa. Kila kiumbe hutengenezwa mara mbili: mmoja hubaki makumbusho, mwingine hupewa mtoto aliyemchora.