Kabla ya Kununua Trela, Fungua Mlango wa Dereva

Nchini Marekani, ambako familia nyingi husafiri na trela lenye vitanda, jiko na choo, tangazo la pikapu hutanguliza namba moja: inavuta kilo ngapi. Pikapu ya kawaida kama Ford F-150, ikiwa na injini inayofaa, hutajwa kuwa inaweza kuvuta zaidi ya kilo 5,000. Mnunuzi akishaisikia namba hiyo hutafuta trela la kilo 3,000 na kuamini kwamba amebakiwa na akiba kubwa. Akifika barabara kuu, pua ya gari inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi, na kila lori linalompita linamyumbisha. Injini haina kosa hapo. Kilichozidiwa ni mgongo wa gari, na mgongo ndio unaoamua kama dereva atafika ametulia au mikono ikiwa imekakamaa.

Trela halifuati nyuma tu. Sehemu ya uzito wake hukaa juu ya ndoano na kubebwa na springi na ekseli za pikapu kama mzigo mwingine wowote. Kwa matrela ya kulala ya Marekani, sehemu hiyo inatakiwa iwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Ikipungua sana, trela huanza kuyumba kushoto na kulia, na katika mwendo mkali linaweza kupinduka na gari lake. Basi tupige hesabu. Trela la kilo 3,000, kwa asilimia 13, linaweka kilo 390 kwenye ndoano. Baba, mama na watoto wawili wakubwa ni kama kilo 280. Ongeza kilo 40 za vyuma vya kuungia, na kilo 60 za kuni, baiskeli na vyakula: jumla kilo 770. Pikapu ya milango minne yenye viti vya ngozi na paa la kioo mara nyingi hairuhusiwi kubeba zaidi ya kilo 680 hivi, kwa kuwa kila pambo limekwisha kula sehemu ya uwezo huo. Gari limezidiwa kwa kilo 90, ilhali uwezo wake wa kuvuta haujatumika hata theluthi mbili. Wala namba ya tangazo si uongo: kipimo cha J2807 cha wahandisi wa SAE, kinachofuatwa na watengenezaji wakubwa, humhesabu dereva na abiria mmoja tu, kilo 68 kila mmoja. Familia haimo katika hesabu hiyo.

Wako wanaojibu kwamba zipo fito za springi za kusawazisha uzito, au mifuko ya hewa ya kuinua nyuma ya gari. Fito hizo ni nzuri, na kwa trela la ukubwa huu ningezihesabu kuwa za lazima, maana hurudisha uzito kwenye magurudumu ya mbele ili usukani ushike. Lakini hazipandishi kikomo kilichowekwa na kiwanda. Mifuko ya hewa ndiyo inayodanganya zaidi: gari linaonekana limenyooka, kumbe ekseli, tairi na breki ni zilezile. Wengine husema Wazungu wa Ulaya huvuta karavani kwa magari madogo. Ni kweli, ila karavani zao ni nyepesi, na Ujerumani mwendo wa juu wa gari linalovuta karavani ni kilomita 80 kwa saa, au 100 kwa kibali maalumu.

Hoja yenye uzito ni ile ya kununua pikapu kubwa zaidi, kama F-250. Hiyo hubeba vizuri, lakini springi zake ngumu hurusha abiria gari likiwa tupu, na wengi huvuta trela wiki chache tu kwa mwaka. Kwa familia ya namna hiyo, heri kupunguza trela kuliko kuongeza gari. Sisemi injini haina maana: barabara ya I-70 magharibi ya Denver hupanda hadi handaki la Eisenhower, zaidi ya meta 3,300 juu ya usawa wa bahari, ambako injini isiyo na turbo hupoteza karibu theluthi ya nguvu zake. Huko turbo ina thamani yake, na kwenye mteremko gia nzito huokoa breki. Ila nguvu hizo hazitulizi gari lililoelemewa nyuma.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, fungua mlango wa dereva usome kibandiko kwenye nguzo yake. Kimeandikwa uzito wa watu na mizigo usiopaswa kuzidishwa. Toa uzito wa familia yako na vifaa, na kinachobaki ndicho ndoano inachoruhusiwa kubeba. Kwa trela, usitumie uzito wa kiwandani, maana haujumuishi vyakula, nguo wala maji, na lita 150 za maji ni kilo 150. Tumia uzito wa juu unaoruhusiwa. Kisha, kabla ya safari ya kwanza, pitisha gari na trela vikiwa vimepakiwa kwenye mizani ya malori.