Venus mwenye kichwa cha kuazima: sanamu ya Roma iliyouzwa karibu pauni milioni 8

Juni 2002, mjini London, nyumba ya mnada ya Christie's iliuza sanamu ya mwanamke aliye uchi kwa karibu pauni milioni 8 za Uingereza. Hadi siku hiyo, hakuna kitu cha enzi za kale kilichowahi kufikia bei hiyo mnadani. Mnunuzi alikuwa Sheikh Saud Al-Thani, wa ukoo unaotawala Qatar.

Sanamu hiyo inajulikana kwa jina la Jenkins Venus. Waroma wa kale waliichonga katika marumaru wakifuata mfano wa Wagiriki. Inamwonyesha Venus, mungu wa kike wa mapenzi, akijisitiri kwa mikono.

Lakini kichwa si chake. Katika karne ya 18, Gavin Hamilton, mchoraji wa Scotland aliyefanya pia biashara ya vitu vya kale, aliikuta katika jumba la familia ya Barberini mjini Rome. Haikuwa na kichwa, na mikono ilikuwa imevunjika. Ikafika kwa Thomas Jenkins, mfanyabiashara Mwingereza aliyeishi huko. Mafundi wakaipa kichwa cha sanamu nyingine na kutengeneza sehemu zilizokosekana.

Mwaka 1765, tajiri kijana William Weddell aliinunua kwa bei iliyofichwa, akaipeleka nyumbani kwake Newby Hall, kaskazini mwa Uingereza. Ilikaa huko zaidi ya miaka 230.

Kwa nini basi mungu aliyetiwa viraka agharimu hivyo? Sababu moja ni uzuri wake. Nyingine ni historia yake: inajulikana ilitoka wapi, nani aliiuza na nani aliinunua.

Jambo hilo lina uzito sokoni. Mkataba wa UNESCO wa 1970 unapinga biashara ya mali za utamaduni zilizoibwa au kutoroshwa. Tangu hapo, makumbusho mengi yanauliza kwanza: kitu hiki kilitoka lini katika nchi yake, na kwa ruhusa ya nani? Asiye na jibu anaweza kukosa mnunuzi, au kupokonywa mali na mahakama. Uingereza ilijiunga na mkataba huo mwaka uleule wa 2002. RDC ilikuwa imejiunga tangu 1974.

Hata hivyo, mkataba haurudi nyuma. Vitu vilivyoondoka kabla yake, kama Venus huyo na vinyago vingi vya Kongo vilivyopelekwa Ubelgiji wakati wa ukoloni, vinabaki kuwa jambo la mazungumzo kati ya nchi na nchi. Juni 2022, mfalme Philippe alikabidhi mjini Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku. Hakikurudishwa moja kwa moja: kilitolewa kwa mkopo usio na mwisho.

Venus alipata mwenye mali kwa nyundo ya mnada. Kakuungu yuko nyumbani, lakini kwenye karatasi bado ni mgeni.