Kutoka Leja hadi Mfumo: Utangulizi kwa Mhitimu wa Biashara

Mhitimu wa shahada ya biashara anayetaka kuingia kwenye teknolojia huja na swali moja kabla ya mengine yote: je, miaka ile ya uhasibu, fedha na sheria za biashara imepotea bure? Nimefundisha pande zote mbili, na jibu langu ni lile lile siku zote. Haijapotea. Sehemu kubwa ya taaluma anayoiendea ilijengwa na watu waliokuwa wakihangaika na maswali yale yale aliyofanyia mitihani. Kurasa hizi nimeziandika ili nimwoneshe maarifa yake yanaingilia wapi, na wapi itambidi akae chini ajifunze upya kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Historia yenyewe inamkaribisha. Kompyuta ya kwanza kufanyishwa kazi za kila siku za ofisi ya biashara ilijengwa na J. Lyons, kampuni ya London iliyokuwa ikioka mikate na keki na kuendesha migahawa ya chai. Mwaka 1947 kampuni hiyo iliwatuma maofisa wake wawili Marekani wakaangalie mbinu mpya za uendeshaji wa ofisi. Wakarudi na wazo la mashine za kielektroniki, ambazo wakati huo zilikuwa za wanasayansi. Lyons ikauchangia mradi wa kompyuta ya EDSAC wa Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha ikaunda ya kwake kwa kufuata mfano huo na kuiita LEO. Mwishoni mwa mwaka 1951 LEO ilikuwa ikikokotoa thamani ya bidhaa za viwanda vya mikate kila wiki. Mishahara ya wafanyakazi ikafuata.

Mtu ninayependa wanafunzi wangu wamfahamu katika habari hii ni David Caminer. Aliingia Lyons mwaka 1936 kujifunza kazi ya menejimenti, akapitia ofisi za kampuni hadi akawa anasimamia utafiti wa mifumo ya kazi. LEO ilipokuja, yeye ndiye aliyeongoza kuipangia kazi. Yeye na wenzake walifuatilia kila hati: imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani, ina tarakimu zipi, na ikikosewa nani atagundua. Ndipo programu ikaandikwa. Kazi hiyo leo tunaiita uchambuzi wa mifumo, na kwa maoni yangu bado ndiyo mlango mpana kuliko yote kwa mtu wa biashara.

Lahajedwali nayo ilizaliwa kwenye njia hiyo hiyo. Dan Bricklin, aliyekuwa ameshasomea kompyuta, alikuwa darasani katika shule ya biashara ya Harvard alipoliwaza jedwali linalojikokotoa upya kila tarakimu moja inapobadilishwa. Akishirikiana na Bob Frankston akaitengeneza programu ya VisiCalc, iliyotoka mwaka 1979. Anayeandika fomula kwenye Excel leo, akaunganisha karatasi tatu na kutafuta kosa lililofanya jumla isitimie, ameshaanza kufikiri kama mwandishi wa programu, hata kama hakuna aliyemwambia hivyo.

Lakini uhusiano wa ndani zaidi uko kwenye muamala, na hapo nataka tukae kidogo. Twende kwa wakala wa pesa za simu. Mteja anampa wakala shilingi 50,000 taslimu aziweke kwenye simu. Salio la mteja linapanda kwa 50,000; floti ya wakala, yaani salio lake la pesa za simu, inashuka kwa 50,000. Kwenye droo ya wakala noti zimeongezeka, na mfukoni mwa mteja zimepungua kwa kiasi hicho hicho. Jumla ya pesa zilizomo kwenye mfumo haikubadilika hata senti, nayo inapaswa kulingana na fedha halisi zilizowekwa benki kwenye akaunti maalumu ya udhamini. Hii ni debiti na krediti tupu. Utaratibu alioueleza Luca Pacioli katika kitabu chake kilichochapwa Venice mwaka 1494 ndio unaozuia pesa zisizaliwe wala zisifie njiani kati ya simu mbili.

Sasa tuseme umeme unakatika kwenye mtambo baada ya floti ya wakala kupunguzwa, kabla salio la mteja halijaongezwa. Shilingi 50,000 ziko wapi? Mhasibu anaiona hatari hiyo papo hapo, kwa sababu amefundishwa kwamba ingizo la upande mmoja si ingizo. Wanasayansi wa kompyuta walilishughulikia suala hili kwa kina katika miaka ya 1970. Miongoni mwao alikuwa Jim Gray, ambaye baadaye, mwaka 1998, alitunukiwa Tuzo ya Turing. Kanuni waliyoijenga ni kwamba hatua zote za muamala zikamilike pamoja, au zifutike zote kana kwamba hazikuanza. Ili hilo liwezekane, kanzidata huandika kwanza kwenye kumbukumbu ya mfululizo kile inachotaka kukifanya, ndipo igeuze salio. Aliyewahi kuandika jarida kabla ya kupeleka maingizo kwenye leja atautambua mpango huo mara moja. Mfumo mzuri wa fedha pia haufuti kosa. Unaliacha lilipo na kuandika ingizo la kulirejesha, kama tunavyofundishwa kwamba kwenye vitabu vya hesabu hakuna kukwangua.

Kuna jambo lingine dogo kwa umbo, kubwa kwa uzito. Chukua risiti ya bidhaa tatu, kila moja shilingi 1,000, bei ikiwa imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kiwango cha kawaida Tanzania Bara. Kodi iliyomo katika bidhaa moja ni 1,000 mara 18 kugawanya kwa 118, yaani 152.54 kwa desimali mbili. Jumlisha mistari mitatu unapata 457.62. Ikokotoe kodi hiyo moja kwa moja kutoka jumla ya 3,000 unapata 457.63. Senti moja imejitokeza, na katika duka lenye maelfu ya risiti senti hizo hugeuka tofauti ambayo mkaguzi ataiulizia. Uzungushe tarakimu kwenye kila mstari au kwenye jumla? Mwandishi wa programu asiyejua hesabu za kodi huenda asijue hata kwamba kuna swali la kuuliza. Wewe unalijua.

Wewe nawe kuna usichokijua hapo hapo. Iambie lugha ya Python ijumlishe 0.1 na 0.2, itakujibu 0.30000000000000004. Mashine haijaharibika. Inahifadhi sehemu za namba kwa msingi wa mbili, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa msingi huo, kama vile moja ya tatu isivyoandikika kikamilifu kwa desimali. Kwa hiyo pesa huhifadhiwa kama senti kamili, au kwa aina maalumu ya namba za desimali. Maarifa ya namna hii hayamo kwenye shahada ya biashara, na hayaji kwa kuyakisia.

Hapa nasema bila kuficha: anayebadilisha njia ana deni la masomo, na deni hilo hulipwa. Mfano ni usuluhishi wa hesabu za benki. Una mistari 100,000 ya taarifa ya benki na mistari 100,000 ya daftari lako, nawe unataka kuoanisha. Ukiiamuru kompyuta iulinganishe kila mstari wa huku na kila mstari wa kule, umeipa kazi ya ulinganisho bilioni 10. Ukiupanga kwanza upande mmoja kwa mfuatano, kisha kila mara ukatafuta kwa kugawa nusu kwa nusu, kila mstari unapatikana kwa hatua zisizozidi 17. Utafutaji wote ni kama hatua milioni 1.7. Programu ya kwanza huenda ikakukeshesha na ya pili ikamaliza chai yako ikiwa bado ya moto. Tofauti hiyo hutokana na somo la miundo ya data na algoriti, na sijaona njia ya mkato ya kulikwepa. Kozi fupi zinazoahidi kazi baada ya wiki chache kwa kawaida hulipita juu juu, na mhitimu hulikuta tena kwenye usaili.

Kwa mpangilio wa kujifunza, mimi humwanzisha mtu wa biashara na SQL, lugha ya kuulizia kanzidata. Mawazo yake yanatokana na makala ya E. F. Codd wa IBM ya mwaka 1970, aliyependekeza data zikae katika majedwali yanayohusiana. Na majedwali mhasibu anayajua. Baada ya hapo Python, kisha Git ya kutunzia historia ya kila badiliko la msimbo. Takwimu na aljebra zisisubiri mwisho. Wapo watakaoishia kuwa wachambuzi wa data, wengine wasimamizi wa bidhaa za kidijitali, wengine waandishi wa programu kamili. Ukaguzi wa mifumo unastahili kutajwa peke yake kwa sababu wengi hawaufikirii: ISACA, chama cha kitaaluma kilichoanzishwa mwaka 1969, kimekuwa kikitoa cheti cha wakaguzi wa mifumo cha CISA tangu miaka ya 1970, na mtu aliyekwisha kukaa kwenye meza ya ukaguzi wa vitabu huingia humo akiwa na nusu ya lugha mdomoni.

Usianze kwa kuomba kazi. Anza kwa kujenga leja ndogo kwenye kompyuta yako: jedwali la akaunti, jedwali la miamala, jedwali la maingizo. Weka sharti kwamba muamala wowote ambao debiti zake hazilingani na krediti zake ukataliwe. Ingiza mauzo ya duka moja unalolijua kwa mwezi mzima, na makosa yake yarekebishe kwa maingizo ya kurejesha. Toa urari. Ukishatimia, izime programu kwa makusudi kati ya ingizo la kwanza na la pili la muamala mmoja, iwashe tena, kisha toa urari upya. Usipotimia, umepata mahali pa kuanzia kusoma.