Mdaiwa Asivuke Ziwa Usiku

Mfanyabiashara wa mwambao wetu anapolemewa na madeni, mara nyingi huchagua njia moja kati ya mbili. Ama hupanda boti usiku, akavuka kwenda Kalemie au Uvira, na wadai wake wakapata habari kumekucha. Ama hujifungia ndani na kuwaagiza watoto wawajibu wanaobisha hodi kwamba baba amesafiri. Njia ya tatu ipo, nayo ni ya halali, lakini ni nadra kuisikia ikizungumzwa sokoni Mwanga au barazani Ujiji. Njia hiyo ni mtu kwenda mahakamani kwa miguu yake mwenyewe, kueleza kwamba hawezi tena kulipa, na kuomba ashughulikiwe kama mufilisi.

Hizo njia mbili za mwanzo zinajulikana vizuri na Sheria ya Ufilisi, iliyotungwa mwaka 1930 enzi za Mwingereza, ambayo ni Sura ya 25 katika sheria za Tanzania Bara. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mdaiwa anayetoka nchini, au anayeihama nyumba yake, au anayejifungia ndani kwa nia ya kuwakwepa wadai, amekwisha kutenda kitendo cha ufilisi, na mdai anaweza kukitumia kitendo hicho kumfungulia shauri. Basi yule aliyevuka ziwa kuikimbia aibu amewaachia wadai wake ushahidi mkononi, na wakati huo huo amejinyima hifadhi ambayo sheria hiyo hiyo ilimwekea.

Tunalizungumza jambo hili sasa kwa kuwa miaka ya karibuni haikuwa na huruma kwa watu wa ziwani. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kumeza sehemu za ufuko ambapo watu walikuwa wamejenga na kuanikia dagaa. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika ziwa hili tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Hatuna ugomvi na uamuzi huo. Bila samaki hapana Kigoma. Lakini kalenda ya mkopo haisimami kwa sababu ziwa limefungwa. Tuseme yupo mama anayekausha dagaa, ambaye alikopa mwezi wa Machi akitumaini kulipa kwa mauzo ya Juni. Mwezi wa Juni hakuwa na dagaa, na mkopeshaji hakuwa na subira. Akakopa kwa wa pili ili amlipe wa kwanza, na huyo wa pili alikuwa ni wa ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Baada ya hapo hesabu haihitaji mwalimu.

Deni si mgeni Ujiji. Biashara nzima ya misafara katika karne ya 19 ilisimama juu ya mali kauli: matajiri wa Kihindi wa Unguja, kama Taria Topan, walitoa nguo na shanga, na wafanyabiashara wakazileta hadi ziwani wakiahidi kulipa kwa pembe za ndovu. Livingstone aliporejea Ujiji Oktoba 1871, alikuta mali yake yote imekwisha kuuzwa na Sherif aliyekabidhiwa kuitunza, eti kwa kuwa alikuwa amepiga bao akaona mwenyewe amekufa. Hapo hapakuwa na orodha, wala msimamizi, wala mtu wa kuulizwa hesabu. Baadaye Rumaliza, aliyekuwa mkubwa wa Ujiji, alimshtaki Tippu Tip kwa ajili ya mali ya ushirika wao. Na wasomaji wetu wa Unguja na Pemba hawana haja ya kukumbushwa jinsi madeni yalivyoyanyonya mashamba ya mikarafuu, hata mwaka 1934 serikali ya huko ikalazimika kutoa amri ya kuzuia ardhi isihamie mikononi mwa wakopeshaji. (Tuwakumbushe papo hapo kwamba ufilisi si jambo la Muungano. Sura ya 25 ni ya Bara. Mambo ya visiwani yana sheria zake.)

Neno lenyewe limetuponza. Mufilisi, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mtu ambaye fedha yake imebaki sarafu za shaba tu. Lakini katika Kiswahili chetu "kufilisi" kumekuwa na maana ya kumvua mtu kila alicho nacho, godoro likatolewa nje huku majirani wanatazama. Kumbe makusudio ya sheria ni mengine: kuwazuia wadai wasimrarue mdaiwa kila mmoja kwa wakati wake, na kuhakikisha kwamba kile kidogo kilichobaki kinagawanywa kwa haki. Waislamu wa Ujiji wanajua pia kwamba Kurani, katika sura ya Al-Baqara, inaagiza mdaiwa aliyebanwa apewe muhula hadi apate nafuu.

Utaratibu wenyewe, kwa ufupi, ni huu. Mdaiwa anawasilisha ombi Mahakama Kuu akikiri kwamba hawezi kulipa madeni yake. Zamani mashauri ya Mahakama Kuu ya mkoa huu yalikuwa chini ya Tabora, safari ndefu ya garimoshi; siku hizi Mahakama Kuu ina masjala yake hapa hapa Kigoma. Mahakama ikiridhika hutoa amri ya kupokewa kwa mali, na tangu hapo mali ya mdaiwa huwa chini ya ofisa mpokezi wa serikali. Kazi hiyo iko chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ulioanzishwa mwaka 2006. Mdaiwa huandika taarifa ya hali yake: ana nini, anadaiwa kiasi gani, na nani, wanaishi wapi, na nani ameshika rehani. Wadai huitwa mkutanoni. Mdaiwa huhojiwa hadharani mahakamani, naye hujibu kwa kiapo. Wadai wanaweza kukubali mpango wa kulipwa sehemu. Wasipokubali, hutangazwa mufilisi na mali yake hugawanywa. Mwisho wa yote anaweza kuomba aachiliwe, akaanza maisha upya.

Faida kubwa ni kwamba amri hiyo ikishatolewa, mdai wa kawaida hawezi tena kumshtaki peke yake bila idhini ya mahakama. Hili si dogo katika nchi ambayo sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai bado inaruhusu mdaiwa kuwekwa kifungo cha madai, mdai akilipia chakula chake gerezani. Lakini tusiwadanganye wananchi. Aliyeshika rehani ya nyumba yako anabaki na haki yake juu ya nyumba hiyo. Deni lililopatikana kwa hila halifutwi kwa kuachiliwa. Na mufilisi ambaye hajaachiliwa hawezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama, wala kukopa kwa kuficha hali yake.

Sheria humwachia mufilisi nguo, matandiko na zana za kazi yake, kwa kiwango maalumu. Hapo ndipo tunapotaka wanasheria wa serikali watusaidie. Fundi cherehani anajua zana yake ni ipi. Je, mvuvi? Wavu, taa za kuvutia dagaa, mashine ya boti: hizo ni zana za kazi au ni mtaji wa kuuzwa? Ukimwachia mvuvi shuka ukamnyang'anya wavu, umemwachia kitu cha kujifunika tu.

Sasa kuhusu kumbukumbu. Mtu wa Kigoma anayetaka kujua kama fulani, anayeomba magunia 50 ya dagaa kwa mali kauli, aliwahi kutangazwa mufilisi, aende wapi? Amri za ufilisi hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Majalada yako katika masjala ya Mahakama Kuu, na ofisa mpokezi ana yake. Hukumu nyingi husomeka bure katika mtandao wa TanzLII. Taarifa ya hali ya mufilisi inaweza kukaguliwa na yeyote anayejieleza kwa maandishi kwamba ni mdai wake, na anayedanganya katika hilo anaidharau mahakama. Kama mdaiwa ni kampuni, mtu aanzie kwa msajili wa kampuni, BRELA, maana kampuni huvunjwa kwa Sheria ya Kampuni na si kwa Sura ya 25. Na wenye duka waliosajili jina la biashara peke yake wafahamu kwamba jina hilo si kampuni. Deni la duka ni deni lao wenyewe.

Kwa hiyo kumbukumbu ni za umma, lakini umma hauzifikii. Nakala ya Gazeti la Serikali haibandikwi Kibirizi. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza cha mahakama za London, ingawa mwaka 2021 Bunge lilikwisha kuamua kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Wenzetu wa Kenya waliiweka kando sheria yao ya zamani, wakatunga nyingine mwaka 2015, yenye mlango mdogo kwa wanyonge: asiye na mali, mwenye deni kati ya shilingi 100,000 na 400,000 za huko, anaweza kupitia utaratibu mwepesi kwa ofisa wa serikali pasipo kuandamwa na gharama za shauri kamili. Yule mama wa dagaa angefaa sana katika mlango kama huo. Kwa Sura ya 25 anapaswa kupita mlango ule ule wa mwenye meli.

Tunawaomba wahusika mambo yasiyohitaji bajeti kubwa. RITA hufanya kazi zake wilayani kupitia ofisi za wakuu wa wilaya, ambako wananchi huenda kuandikisha vizazi na vifo. Katika dawati hilo hilo liwekwe daftari la matangazo ya ufilisi yanayohusu mkoa huu, kwa Kiswahili, lisomwe na yeyote bila kuulizwa kabila wala kazi. Masjala ya Mahakama Kuu Kigoma ibandike ukutani fomu ya ombi la mdaiwa pamoja na ada na amana zinazotakiwa. Na maofisa wanaokwenda mialoni kutangaza tarehe za kufungwa kwa ziwa wafuatane na mtu mmoja wa sheria, azungumze na wavuvi habari za mikopo kabla boti hazijapandishwa nchi kavu.

Wasomaji waliokwisha kupita katika njia hii ya mahakama, wawe wadai au wadaiwa, watuandikie walichokutana nacho. Majina yao hatutayachapa.