Eksosomu na Ubongo Uliokosa Damu

Mzee wa Ganjoni, hapa Mombasa, akiamka alfajiri mdomo umekwenda upande na mkono haunyanyuki, hakosi jirani wa kusema kapigwa na upepo, asomewe kwanza. Asomewe, lakini akiwa njiani kwenda hospitali. Mara nyingi hicho ni kiharusi: mshipa wa ubongo ulioziba kwa donge la damu. Mtafiti Jeffrey Saver wa Marekani alikadiria mwaka 2006 kuwa kila dakika ya kuziba huko huua seli za neva milioni 1.9.

Hazifi zote kwa mpigo. Katikati ya jeraha hufa upesi. Pembezoni zimezimia tu, na bado zinaweza kuokolewa. Hizo ndizo wanasayansi wanazozipigania kwa eksosomu.

Eksosomu ni vifuko vya mafuta ambavyo seli hutoa nje, upana wake nanomita 30 hadi 150 hivi. Vilipoonekana mwaka 1983 katika seli changa za damu, vilidhaniwa ni vya kutupia taka. Mwaka 2007 watafiti wa Sweden wakaonyesha kuwa vimebeba RNA, na seli inayovipokea huisoma kama barua na kufuata maagizo yake.

Mwaka 2013, Michael Chopp na wenzake wa Hospitali ya Henry Ford, Detroit, waliwadunga panya eksosomu zilizotoka kwenye seli za uboho, saa 24 baada ya kiharusi. Panya walirudiwa na nguvu, na ndani ya ubongo mishipa midogo na nyuzi za neva zikachipua upya. Kinachonipa matumaini ni kwamba zinaweza kupenya ukuta unaoutenga ubongo na damu, ambao huzuia dawa nyingi.

Lakini hao ni panya. Majaribio kwa binadamu bado ni machache mno, na Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wagonjwa wa Nebraska kudhurika kwa bidhaa za eksosomu zisizoidhinishwa. Akija mtu kukuuzia, mkatae.

Dawa iliyothibitishwa ni ya kuyeyusha donge, na hutolewa ndani ya saa nne na nusu, baada ya picha ya CT kuonyesha kuwa ubongo hauvuji damu. Hospitali Kuu ya Pwani iko kisiwani humu humu. Mkimpeleka mgonjwa, mwambieni daktari saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Saa hiyo ndiyo atakayoanzia kuhesabu.