Usitume Hela za Zamani Ovyo

Katika baadhi ya nyumba za Tanga, Pangani na Mkinga ziko sarafu za zamani zilizoachwa na mababu. Nyingine ni hela za wakati wa Wajerumani. Hela hizo zilianza kutolewa mwaka 1904. Hela 100 zilikuwa rupia moja. Baadhi zina tundu katikati. Neno "hela" tunalolitumia mpaka leo kwa maana ya fedha limetokana na sarafu hizo.

Leo hela hizo hazinunui hata chumvi dukani. Lakini ni kumbukumbu ya ukoo. Tena wako watu wanaozikusanya na kuzinunua.

Tuseme mjukuu aliyeko Dar es Salaam anaandika: "Bibi, niletee zile hela nizitunze." Utazitumaje?

Wengine huzitia katika bahasha na kuitumbukiza ndani ya sanduku la barua. Hiyo ni hatari. Sarafu hupasua bahasha. Tena mtu akiipapasa anajua kilichomo. Bahasha ikipotea, huna karatasi ya kudai. Na hela ya babu haitengenezwi tena.

Fanya hivi:

1. Usizisugue. Ukizisugua kwa mchanga, majivu au ndimu zitang'aa, lakini maandishi yatalika. Mkusanyaji hatoi bei nzuri kwa sarafu iliyosuguliwa. Ziwe kavu tu, maana unyevu huleta kutu ya kijani kwenye shaba.

2. Zihesabu na kuziandika. Andika mwaka na alama za kila sarafu. Andika karatasi mbili. Moja weka ndani ya mzigo, nyingine baki nayo. Kama kuna simu ya picha, zipige picha pande zote mbili.

3. Funga kila sarafu peke yake. Tumia karatasi safi, kavu. Sarafu zisigusane. Usipake gundi.

4. Zipange katika kiboksi kigumu. Jaza nafasi iliyobaki kwa karatasi au sufi kavu. Kisha kitikise karibu na sikio. Ukisikia mlio, fungua upange tena. Mkulima wa machungwa wa Muheza anajua: tunda linalocheza ndani ya tenga hufika limeumia.

5. Kiboksi hicho kitie ndani ya boksi kubwa zaidi. Lifunge imara kwa utepe.

6. Andika anwani wazi: jina la mpokeaji, sanduku lake la posta na mji. Andika na anwani yako. Kwa nje usiandike "hela za zamani".

7. Nenda mwenyewe dirishani posta. Mweleze karani kwa kweli kilichomo. Omba mzigo uandikishwe kwa rejista, au utumwe kwa EMS, ambayo ni huduma ya haraka. Uliza gharama, na uliza kama kuna bima, kabla ya kulipa. Utapewa risiti yenye namba. Namba hiyo ndiyo inayoufuata mzigo wako. Itunze risiti mpaka mpokeaji akujulishe kwamba amehesabu sarafu zote na zimetimia.

Je, mnunuzi usiyemjua akikuandikia kwamba utume kwanza, atalipa baadaye? Usikubali. Kwanza onyesha sarafu kwa watu zaidi ya mmoja wanaojua bei. Mzigo ukishapokewa na kutiwa sahihi, posta imemaliza kazi yake. Haitakudaia fedha zako.

Jambo la mwisho ni la sheria. Sarafu ulizorithi si sawa na vitu vinavyookotwa katika magofu, kama ya Tongoni, kusini ya mji wa Tanga. Vigae, shanga na sarafu za huko ni mali ya taifa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kupeleka vitu vya kale nje ya nchi bila kibali. Ukiviona, viache mahali pake na umwarifu ofisa wa serikali ya kijiji.

Basi wazee, fungueni makasha yenu leo. Vijana mnaojua kusoma na kuandika, wasaidieni kuandika orodha. Orodha hiyo itawafaa hata kama hela hazitatumwa popote.